Kuku Hana Nthoni

Lori letu lilipinduka kilomita mbili kabla ya kufika Kambu, Februari 1984, likitoka Mombasa na magunia ya mahindi. Dereva alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mimi tanboi, msaidizi wake, nilirushwa juu, nikaangukia jiwe ambalo nililijua tangu nihamie huku. Nilikuwa hata nimelikalia mara nyingi nikingoja lifti.

Watu wa Kambu ni watu wa kanisa, wakaja mbio kuokoa. Waliokoa magunia kwanza. Siwalaumu. Mwaka huo gunia la mahindi lilikuwa na maana kuliko tanboi, na tena gunia halipigi kelele ukilibeba vibaya. Zamu yangu ilipofika, jirani yangu Musyoka, mzee wa kanisa, alinishika mabega, mwingine akashika miguu, wakanikunja kama godoro. Daktari alisema mgongo ulikuwa umevunjika kabla hawajanikunja. Musyoka hulipenda neno hilo la daktari kuliko mstari wowote wa Biblia.

Hospitali ilikaa na mimi miezi miwili, ikachoka, ikanirudisha nyumbani. Kuanzia kiunoni kushuka chini sikuwa na habari. Mke wangu Ndila alinitandikia godoro chini, sakafuni, ili nisiwe na mahali pa kuanguka tena. Watoto wetu wawili aliwapeleka kwa dada yake Kavata, Mombasa, kwa sababu mvua ya Machi haikuja na ya Aprili nayo ikapita bila kupiga hodi. Njaa hiyo tuliiita Nikwangwete, yaani nakufa na pesa mkononi. Jina zuri, la watu wenye pesa.

Mwisho wa Aprili akaja mama yake Ndila.

Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani kwa macho. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hamli pamoja, hamtaniani, hamtajani majina, na chumba anacholala mkwe, mama haingii hata nyumba ikishika moto. Heshima hiyo ndiyo nthoni. Iko njia ya kuilegeza: mkwe anapeleka mbuzi na blanketi, wazee wanakaa, na kutoka siku hiyo angalau mnasalimiana uso kwa uso. Mbuzi huyo nilimwahidi mwaka niliomwoa Ndila, 1970. Kila wakiniuliza nilisema yuko njiani. Kwa miaka kumi na minne mbuzi wangu alikuwa njiani, na watu walicheka, na mimi nilicheka kuwashinda. Halafu ukame ukaja ukamaliza mbuzi wote, wa njiani na wa bomani.

Kwa hivyo sura yake sikuijua. Nilijua kisigino chake cha kushoto, kwa sababu mara moja mwaka wa sabini na sita alichelewa kidogo kuingia kichakani.

Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Kanyangi, akavuka mto Athi mahali maji yalipomfika kwenye vifundo vya miguu. Ndani ya kiondo chake mlikuwa na kuku mmoja. Ndiye aliyebaki kwa boma lake lote.

"Mama ametoroka njaa akaja kwa njaa," Ndila aliniambia.

"Lakini hii yetu iko kando ya lami," nikasema. "Ni njaa ya kisasa."

Ndila hakucheka. Wiki hiyo alikuwa amepata kazi ya kuosha sufuria katika hoteli ya Gachanja na mkewe Wangui, watu wa Murang'a waliofungua pale Sultan Hamud. Angelala huko huko na kuja mwisho wa mwezi na unga. Musyoka alikubali kuja asubuhi na jioni kunigeuza, kuniosha na kufanya yale mengine ambayo mwanamume hapendi kuyataja. Lakini Musyoka ana boma lake. Nani angenipa uji mchana kutwa?

Wakasimama uani kujadili, na mimi nasikia yote.

"Mama, wewe si umeokoka?" Musyoka aliuliza. "Mambo ya nthoni ni ya zamani. Ingia tu, umpe mtoto wako uji."

Sauti ikatoka jikoni, nene, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. "Yesu aliokoa roho yangu, Musyoka. Nthoni aliiacha pale alipoikuta."

Wakaamua hivi. Jiko letu limeegemea ukuta wa chumba changu, na kati yake kuna mlango. Ndila akatundika gunia mlangoni. Mama angepiga magoti upande wake, aweke bakuli sakafuni, alisukume chini ya gunia kwa mwiko mrefu hadi mkono wangu ulifikie. Kama mtu anayelisha chui.

Siku tatu za kwanza bakuli lilikuja na likarudi vile vile. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu pale chini, nikaona mtu asiyetembea ni mdomo tu, na midomo ilikuwa mingi mwaka huo. Niligeuza uso nikatazama ukuta. Upande wa pili hakukuwa na neno, kwa sababu angeniambia nini? Kunisemesha moja kwa moja ilikuwa aibu.

Siku ya nne bakuli likaja, likangoja. Halafu nikasikia ile sauti nene ikisema polepole, kama mtu anayesoma barua:

"Wewe kuku. Njoo hapa nikuambie. Huyu mtu amekataa uji. Sasa uji ni wako. Kula. Kula unenepe, tukuchinje, ili akatae na nyama pia. Akishakataa nyama tutamtafutia wali akatae. Hatutaki akose kitu cha kukataa."

Kuku akajibu, "Ko ko ko," akaanza kuja. Nikaona mdomo wake ukipenya chini ya gunia kuelekea bakuli langu.

Nilicheka. Mbavu ziliniuma hadi machozi yakatoka, lakini nilicheka, mara ya kwanza tangu lile jiwe. Na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukavuta bakuli.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama kwamba wewe ni mwizi."

"Kuku, mwambie mwenye boma kwamba mwizi ni yule anayelalia chakula."

Ndivyo tulivyopata njia. Kuku hana nthoni. Kuku anaingia chumba chochote, anamtazama yeyote usoni. Kumwambia kuku si kumwambia mkwe, na kama mkwe anasikia, ni kosa la masikio yake. Kutoka siku hiyo tuliongea asubuhi hadi jioni na hatukuwahi kuongea.

Baada ya wiki akaleta sheria.

"Kuku, mwambie mwenye boma mimi ni mkulima. Sijui kukaa bure. Shamba limekataa mwaka huu, basi nitalima hapa mlangoni. Kila siku kabla ya uji, kila mtu alete jambo moja lililomfurahisha tangu jana. Moja tu. Asiyekuwa nalo, uji unarudi jikoni."

"Kuku, mwambie mama mimi naona bati peke yake. Bati, bati, na bati."

"Mwambie bati lina misumari. Imekosa hata mmoja wa kumfurahisha?"

Niliona ni maneno ya mwanamke mzee. Lakini njaa ni mwalimu, na uji ulikuwa upande wake. Nikaanza kutafuta. Siku ya kwanza nilileta tundu la msumari. Mwanga uliingia hapo asubuhi kama shilingi, ukatambaa ukutani, ukashuka godoroni, na ilipofika saa kumi ukakaa juu ya kidole changu kikubwa cha mguu. Sikukisikia kidole, lakini nilikiona kimeangaziwa peke yake kama mtu anayehubiri. Mama alicheka, akasukuma bakuli.

Siku ya pili nilileta mjusi. Ya tatu, honi. Mabasi na malori yakipita Kambu nilijua dereva kwa honi yake, na mmoja niliyefanya naye kazi, Mulei, alikuwa anapiga mara mbili akifika karibu na kwangu, halafu mara ya tatu ndefu, ya matusi. "Kuku, mwambie mama hiyo ya tatu ni salamu." "Kuku, mwambie mimi nilizaliwa zamani. Hiyo si salamu."

Yeye aliyaleta ya nje. Musyoka akiombea chakula anafungua jicho moja kulinda sufuria. Ameokota ukwaju njiani, maganda saba, na ulikuwa mchachu hadi masikio yakasogea. Lakini mengi yalitoka kwa foleni ya chifu, ambako serikali ilikuwa ikigawa mahindi ya njano. Alikwenda huko mara mbili kwa wiki, na kila mara alirudi na mtu wa kunisimulia. Alinipa mwanamke aliyekuja na kofia ya harusi ili karani amtofautishe na wengine. Alinipa mzee aliyedai ana watoto kumi na wawili, karani akamwambia awataje, akataja wanafunzi wa Yesu wote, akafika Yuda akanyamaza. "Karani akauliza, na wa kumi na mbili? Mzee akasema, huyo tumemfukuza nyumbani, mpe mgao wake nimpelekee huko aliko."

Niliumia mbavu kila siku. Nikaanza kuamka kabla ya jogoo wa jirani, nikitafuta jambo langu la siku hiyo. Nasema ukweli: nikiwa na miguu, nikiwa na lori na barabara yote hadi baharini, sikuwahi kutafuta jambo la kunifurahisha. Nilidhani yanakuja yenyewe kama vumbi.

Ndila alikuja mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, Jumamosi magharibi, akaondoka Jumapili mchana. Alinikuta ninacheka, akashangaa. Alimkuta Mama amejifunika shuka na leso juu ya leso, akisema baridi ya mwaka huo ilikuwa ya ajabu. Ndila akaniambia, "Mama amepungua." Nikamwambia, "Na wewe je? Hata pete yako umeifunga uzi isidondoke." Tukaacha hapo. Kila mtu alikuwa amepungua. Kupungua hakukuwa habari.

Julai homa ilinipata. Siku mbili sikuleta jambo lolote, na sheria ikavunjwa kwa ajili yangu, uji ukaja bure. Siku ya tatu ulikuja mchuzi. Mchuzi wa kuku, na paja ndani yake.

"Kuku," nikasema kwa sauti ya mgonjwa, "mwambie mama... hii nyama ni ya nani?"

Halafu, "Ko ko ko."

"Mwambie ni Musyoka aliyechinja jogoo," sauti ya Mama ikasema. "Jogoo alikuwa anawika wakati wa mahubiri. Kanisa limemhukumu."

Musyoka alipokuja jioni nikamshukuru. Akawa anafunga vifungo vya shati langu, na kifungo kimoja kikamshinda muda mrefu. "Kunywa tu, Kiilu," akasema.

Nikapona. Kuku naye, nikamsikia kama amebadilika sauti, imeshuka chini, na ko ko ko yake inakuja na pumzi katikati. "Kuku," nikamwambia, "umepata mafua?" Mama alicheka upande wa pili hadi akakohoa, akakohoa sana, na mimi nikafurahi kwamba nimemchekesha vile. Siku hiyo nilijiona bingwa.

Ni Agosti hiyo Musyoka alinigeuza ubavu asubuhi moja akaniambia karibu na sikio, "Mthoni wako, huyu mama mkwe, anakwisha."

"Kwani ulitaka aongezeke mwaka huu? Hata wewe lile tumbo la uzee wa kanisa limekwenda wapi?"

Akacheka. Nikacheka. Akaninyoa ndevu, akaenda zake.

Nilikuwa na sababu ya kutomwamini, na sababu ni masikio yangu. Sauti ya Mama haikupungua. Ukuta wa udongo ulileta sauti ile ile nene, hadithi zile zile za foleni, mwanamke wa kofia sasa ameleta na mwavuli. Mtu wa sauti kama hiyo ana njaa gani? Kama ningekuwa mtoto wake ningemtazama mara moja tu na ningejua. Lakini nilikuwa mkwe, na mkwe mwema hatazami. Nilijivunia jambo hilo. Hata upepo ulipoinua gunia nilifumba macho.

Ndila hakuja mwisho wa Julai, wala wa Agosti. Wangui alikuwa amejifungua, na hoteli yote ikabaki mikononi mwa Ndila. Alimpa utingo wa basi unga atuletee. Sijui mfuko ulipitia wapi na wapi, lakini ulifika Kambu umekonda kama sisi.

Ilikuwa Jumatatu ya pili ya Septemba, saa sita mchana. Nilikuwa na jambo langu tayari: mjusi alikuwa amepata mke. Nikasikia Mama akipiga magoti, taratibu, goti moja, halafu kitambo, halafu la pili. Bakuli likaanza kuja chini ya gunia. Likafika nusu. Mwiko ukasimama.

Kitu kikaanguka upande wa pili. Haikuwa kelele kubwa. Kama mtu ameangusha nguo kutoka kwenye kamba.

"Kuku," nikaita. "Kuku, muulize mama kumetokea nini."

Hakuna.

"Kuku!"

Hata kuku hakujibu. Nikangoja, nikihesabu pumzi zangu. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Niliita, "Mama!" moja kwa moja, bila mtu katikati.

Kutoka godoroni hadi mlangoni ni hatua nne za mtu mzima. Mimi nilikwenda kwa viwiko. Miguu ilinifuata kama mizigo ya mtu mwingine. Nikafika kwenye gunia, na hapo, sitadanganya, nilisita. Nilikuwa na aibu. Mtu anakufa labda, na mimi nina aibu. Halafu nikainua gunia.

Alikuwa amelala ubavu, mwiko mkononi. Amevaa leso tatu na sweta ya shule ya Ndila ya zamani, na sweta ya msichana wa darasa la saba ilimpwaya. Mkono uliotoka humo na ule mwiko vilikuwa na unene mmoja. Uso ulikuwa mdogo. Sauti yote ile, miezi mitano, ilikuwa inatoka kwenye uso mdogo hivyo.

Nikatazama jiko. Sufuria moja. Mfuko wa unga umekunjwa mara nyingi hadi chini. Kando ya mawe ya moto kopo la maziwa, na ndani yake maji yenye maganda ya ukwaju yaliyochemshwa hadi yakawa meupe. Kiondo cha kuku kilikuwa kimelazwa kifudifudi, na utando wa buibui umekifunga ukutani.

Akafumbua macho. Akaniona nikimwona.

"Mwaitu! Mama yangu!" akalia, akavuta leso usoni. "Kiilu! Unaniona!"

"Nakuona, Mama."

"Rudi ndani. Rudi, unanitia aibu."

"Kuku yuko wapi?"

Akajibu chini ya leso, "Ulimla Julai."

"Na ko ko ko?"

"Ilikuwa mimi."

Halafu leso ikaanza kutikisika. Nilidhani analia. "Ulisema ni mafua," akasema, na nikaelewa anacheka, na mimi tumbo chini pale mlangoni, uso wangu kwenye vumbi, nikashikwa na kicheko pamoja naye. Tulicheka hadi akashindwa kuvuta pumzi, nikaogopa, nikanyamaza.

"Na foleni? Mahindi ya njano je?"

"Foleni iliisha Juni. Chifu alisema lori halitakuja tena."

"Mwanamke wa kofia?"

"Simjui. Nilimtengeneza hapa hapa."

Nikasukuma bakuli, mimi sasa, hadi likagusa vidole vyake. "Kula uji huu."

"Siwezi kula mbele yako."

"Mama, umeniona, nimekuona. Nthoni imekwisha."

"Umeleta mbuzi?" Sauti ilikuwa imerudi kidogo. "Haijaisha. Wewe umechungulia tu. Rudi ndani nile."

Ningemlazimisha vipi? Mikono yangu ilikuwa na kazi ya kunishika nisilalie uso. Na nilimjua sasa miezi mitano, nilijua hata kwa kijiko mdomoni angefunga meno. Kula mbele ya mkwe kungemwua kabla ya njaa. Nikamwambia, "Nitarudi. Lakini nataka kusikia kijiko. Nitahesabu. Kikiwa chini ya ishirini narudi hapa, na safari hii nakaa."

"Hesabu," akasema.

Nikarudi kwa viwiko, gunia likaanguka nyuma yangu, nikalala nikisikiliza. Kijiko kikaanza. Kikakwaruza bakuli, kikapumzika, kikakwaruza. Nikahesabu kwa sauti ili asikie. Kumi. Kumi na tano. Alipofika ishirini aliongeza mbili, nikapiga godoro kwa furaha. Nikamwambia kuhusu mjusi na mke wake. Akauliza mke ni mweusi au wa kijani. Mchana wote huo niliona nimefanya jambo kubwa. Tangu ajali ile sikuwahi kujisikia mwanamume kama mchana ule.

Jua lilipoanza kuondoka, uji wa jioni ukaja chini ya gunia. Bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Kwa wiki nyingi sikuwahi kuona bakuli limejaa. Nikagusa. Ulikuwa baridi, na juu yake umefanya ngozi nene, ngozi ya uji uliokaa tangu saa sita. Alikuwa ameumimina kwenye sufuria, halafu akakwaruza bakuli tupu mara ishirini na mbili.

"Mama," nikasema. "Umekula?"

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

"Kuku," akasema, "mwambie nimeshiba."

Mimi, Kiilu, ambaye mdomo wangu ulinitoa hata mikononi mwa polisi wa barabarani, nikaanza kupiga ukuta kwa ngumi na kumwita Musyoka, na nikaendelea kuita hadi aliposikika uani akija kwa zamu yake ya kuniosha. Hakuniosha. Alimbeba Mama mgongoni kama mtoto hadi kwake, ambako mkewe Kaluki alikuwa na maziwa ya mbuzi kidogo. Kaluki alimnywesha. Yakatoka. Akamnywesha tena, kwa tone, kwa kidole. Yakatoka. Tumbo lilikuwa limesahau kazi.

Jumatano asubuhi Musyoka alikuja kunigeuza. "Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia kama unasimulia mzaha."

"Wewe huambiwi kwa njia nyingine, Kiilu."

Alifariki Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Musyoka alisimama uani akaniambia kutoka nje, hakuingia. Ujumbe ulipelekwa Sultan Hamud kwa basi, Ndila akafika Ijumaa. Gari la kupeleka mwili Kanyangi halikupatikana, na waliokuwa na nguvu za kubeba mtu siku mbili hawakuwepo. Wazee watatu wakakaa chini ya ukuta wangu kuamua. Kumzika kwenye shamba la mkwe ni neno gumu. Wakabishana, wakachoka haraka, kwa sababu kubishana kunataka chakula. Wakasema basi azikwe nyuma ya nyumba, upande ambao mlango wangu hauangalii na dirisha hakuna, ili nisimwone. Nilisikia majembe Jumamosi. Udongo ulikuwa mgumu, walichimba kwa zamu, na kila zamu ilikuwa fupi. Wimbo waliimba ubeti mmoja.

Ndila alikaa siku nane. Alinipa uji kwa mkono wake, hakuondoa gunia mlangoni. Alitaka nimweleze yote, nikamweleza: sheria ya mlangoni, tundu la msumari, honi ya Mulei, mzee wa watoto kumi na wawili. Nilipofika kwa Yuda nilijaribu kuisema vile Mama alivyoisema. Ndila alinitazama tu.

"Mlikuwa mnacheka," akasema.

"Ndiyo."

"Miezi mitano. Mama yangu anakauka hapo nyuma ya ukuta, na nyinyi mnacheka."

Nilitaka kumwambia kwamba bila kile kicheko wangezika mtu wa kwanza mwezi wa Mei, naye angekuwa mimi. Ilikuwa kweli, lakini niliona mbele ya mtoto wake haina uzito. Labda ukweli huo ndio ulikuwa kosa lenyewe.

Siku ya tisa alifunga nguo zake. Hoteli ilikuwa inamngoja, na bila hoteli hakukuwa na unga. Kaluki angekuja mchana kunipa uji. Ndila aliweka bakuli karibu na mkono wangu, akafuta ukingo wake kwa kidole, akakaa kwa visigino, bado hajaenda.

"Nikuulize kitu, Kiilu. Usinitanie."

"Uliza."

"Zile siku. Wewe ulikuwa na furaha?"

Nilifikiria kumdanganya. "Nilikuwa nayo," nikasema. "Kuliko zamani."

"Na yeye?"

Nilitafuta. Nilikumbuka kicheko, na kikohozi, na leso ikitikisika. Nilikumbuka sauti. Sikuwa na kingine.

"Sijui, Ndila," nikasema. "Sikumwona."

Akasimama, akajifunga leso kiunoni, akaenda barabarani kungoja basi.